Maji ya Camp Lejeune na saratani: namna ya kudai haki yako sasa

Kama wewe, mumeo, mzazi wako au mzee unayemhudumia aliishi au alifanya kazi katika Camp Lejeune, kambi ya Marine (tawi la jeshi la Marekani) jimbo la North Carolina ambako maji yalichafuliwa na kemikali, kati ya tarehe 1 Agosti 1953 na 31 Desemba 1987, na leo anaugua saratani au Parkinson (ugonjwa wa neva unaoleta kutetemeka), soma hadi mwisho. Waswahili tulioko Marekani tuko karibu na watu hawa kuliko tunavyodhani. Wapo walioolewa nao, wapo waliozaa nao, na wengi wetu riziki yetu inatokana na kuwaogesha, kuwalisha na kuwapeleka hospitali. Barua zao za serikali mara nyingi sisi ndio tunaozifungua.

Jambo linaloniuma ni hili: tangu Agosti 2024 watu wengi wamesikia kwamba "muda umekwisha" na wakaacha kufuatilia. Ni kweli kuna mlango uliofungwa, ule wa kuishtaki serikali kwa sheria maalumu ya 2022. Lakini malipo ya kila mwezi kutoka Idara ya Wanajeshi Wastaafu, ambayo kila mtu huiita VA, hayana tarehe ya mwisho. Matibabu ya wanafamilia bado yapo. Haki ya mjane bado ipo. Watu wanafariki bila kudai kitu ambacho wangekipata kwa fomu moja na karatasi nne.

Kilichokuwa ndani ya maji

Inafaa ujue kisa chenyewe, maana utaulizwa ulikaa sehemu gani ya kambi, na jibu lina uzito.

Camp Lejeune ilikuwa na mitambo kadhaa ya kusambaza maji. Mtambo wa Tarawa Terrace, uliohudumia nyumba za familia, ulichafuliwa na dobi aliyekuwa nje ya kambi, ABC One-Hour Cleaners, aliyesafisha nguo kwa kemikali iitwayo tetrakloroethilini. Kemikali hiyo ilipita kwenye tangi la maji machafu ikazama ardhini hadi kwenye kisima kilichokuwa jirani. Januari 1985 kisima hicho kilipimwa na kukutwa na sehemu 1,580 za kemikali kwa kila bilioni. Kiwango kinachoruhusiwa leo katika maji ya kunywa ni sehemu 5.

Mtambo wa Hadnot Point, uliohudumia mabweni ya askari na hospitali, hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Huko matangi ya mafuta ya chini ya ardhi yalivuja, na vimiminika vya kusafishia mitambo vilimwagwa ovyo. Mei 1982 maji ya bomba yalikutwa na trikloroethilini sehemu 1,400 kwa kila bilioni. Humo humo mlikuwa na benzini na kloridi ya vinili. Trikloroethilini, benzini na kloridi ya vinili zote zimethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mtambo wa Holcomb Boulevard, uliojengwa mwaka 1972, wenyewe ulikuwa safi, ila mara kwa mara ulichota maji kutoka Hadnot Point.

Maabara zilianza kutoa onyo mwaka 1980. Visima vibaya vilianza kufungwa Novemba 1984. Katika miaka hiyo yote watu walikunywa maji yale, wakapikia, wakawakorogea watoto maziwa. Kemikali hizi pia hupanda na mvuke, hivyo aliyeoga kwa maji ya moto alizivuta kwa pua na kuzipokea kwa ngozi. Wanaokadiriwa kuguswa ni hadi watu milioni moja. Sajenti mstaafu Jerry Ensminger, aliyempoteza binti yake Janey kwa saratani ya damu mwaka 1985 akiwa na miaka 9, alipigania jambo hili kwa miongo, na bila watu kama yeye hizi njia ninazoeleza zisingekuwepo.

Hatua ya 1: Thibitisha mahali na siku 30

Kila njia inaanzia hapa. Lazima ionekane kwa karatasi kwamba mhusika alikuwa Camp Lejeune, au kituo cha ndege cha New River kilicho jirani, kwa jumla ya siku 30 au zaidi ndani ya miaka ile. Siku hizo si lazima ziwe mfululizo. Aliyekwenda wiki mbili mwaka 1978 na wiki tatu mwaka 1981 ametimiza.

Kwa askari, anza na DD214, hati ya kuachishwa jeshi. Itazame kwa makini. Kwenye hati za tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kisanduku cha 8 kinaonyesha kikosi cha mwisho na mahali alipoachishwa; kisanduku cha 24 kinaonyesha namna alivyoondoka, kama ni kwa heshima au la. Hapa ndipo wengi wanapokwama: DD214 huonyesha kituo cha mwisho tu. Mtu aliyekaa Lejeune miaka mitatu kisha akamalizia California, hati yake itaonyesha California, na familia itadhani hana ushahidi.

Dawa yake ni kuagiza faili lote la utumishi kutoka kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis, Missouri. Maombi hufanywa kwenye mtandao au kwa fomu SF-180, na mstaafu mwenyewe, au mjane wake ikiwa amefariki, hatozwi chochote kwa mambo ya kawaida. Ndani ya faili la askari wa Marine mna ukurasa unaopanga vituo vyake vyote kwa tarehe: alipohamia, alipoondoka, kikosi gani. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko barua kumi za mashahidi. Ukiona 2d Marine Division, ujue makao yake ni Camp Lejeune.

Huenda ukaambiwa kumbukumbu ziliungua. Moto wa St. Louis ulitokea kweli, Julai 1973, na uliteketeza mamilioni ya mafaili, lakini yalikuwa ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Anga. Mafaili ya Marine na Jeshi la Majini hayakuwa humo. Usikubali jibu hilo kirahisi.

Kwa mke, mtoto au mtu aliyezaliwa kambini, ushahidi ni wa aina nyingine: cheti cha kuzaliwa kinachotaja hospitali ya jeshi la majini ya Camp Lejeune, rekodi ya kupangiwa nyumba, ripoti za shule ya kambini, kadi ya chanjo, hata bahasha ya barua yenye anwani na muhuri wa posta. Mtoto aliyekuwa tumboni naye anahesabiwa. Kama mama alikaa pale siku 30 akiwa mjamzito na mtoto akazaliwa Texas, mtoto ana haki yake.

Hatua ya 2: Jua ugonjwa uko kwenye orodha ipi

Zipo orodha mbili na watu wanazichanganya kila siku, hata baadhi ya wanaojiita wataalamu.

Orodha ya kwanza ni ya malipo ya ulemavu kwa mwanajeshi mwenyewe, ilianza kutumika Machi 2017 na ina magonjwa 8: saratani ya figo, ya ini, ya kibofu cha mkojo, lukemia (saratani ya damu) ya watu wazima, maieloma (saratani ya chembe za uboho), limfoma isiyo ya Hodgkin (aina ya saratani ya tezi za limfu), upungufu wa damu unaotokana na uboho kushindwa kuzalisha damu pamoja na magonjwa mengine ya uboho ya jamii hiyo, na Parkinson. Mwenye moja kati ya haya hana haja ya kuthibitisha kwamba maji ndiyo yaliyomuumiza. Akishaonyesha siku 30 na ugonjwa, na kama hakufukuzwa jeshini kwa aibu, sheria yenyewe inachukulia kuwa maji ndiyo chanzo. Hakuna haja ya daktari bingwa wala hoja za kitaalamu.

Orodha ya pili ni ya matibabu, ilitokana na sheria iliyotiwa saini Agosti 2012, na ina magonjwa 15. Humo mna saratani ya matiti, ya mapafu, ya umio, ya figo, ya kibofu, lukemia, maieloma, limfoma isiyo ya Hodgkin, magonjwa ya uboho, ini kujaa mafuta, figo kuharibiwa na sumu, skleroderma (ugonjwa wa ngozi kukakamaa), ugumba wa mwanamke, mimba kuharibika, na madhara ya ubongo na tabia. Orodha hii inawahusu wanajeshi wastaafu na wanafamilia.

Tofauti inajitokeza namna hii. Mwanajeshi wa kike mwenye saratani ya matiti atatibiwa kwa sababu ugonjwa uko kwenye orodha ya 15. Lakini akiomba malipo ya kila mwezi, haumo kwenye zile 8, kwa hiyo itabidi aonyeshe uhusiano kwa ushahidi wa daktari. Hapo barua ya daktari lazima iseme kwamba kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kuwa maji ya kambi yalisababisha ugonjwa, na itoe sababu: muda aliokaa, kemikali zipi, historia ya ukoo, kama alivuta sigara au la. Daktari akiandika tu "inawezekana," dai litaanguka. Mwombe kwa adabu aandike upya. Ni kipimo cha kisheria, na madaktari wengi hawakijui.

Karatasi muhimu kuliko zote upande wa ugonjwa ni ripoti ya maabara ya kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa. Ndiyo inayotaja aina kamili ya saratani. Saratani iliyoanzia matiti ikasambaa hadi kwenye ini haihesabiki kuwa saratani ya ini, kwa hiyo soma ripoti inasema ilianzia wapi.

Hatua ya 3: Kwa mwanajeshi mstaafu, fungua dai VA

Kabla ya kukusanya chochote, tuma taarifa ya nia ya kudai. Ni fomu fupi, namba 21-0966, au unapiga simu VA, 1-800-827-1000, ukaeleza. Inakuwekea tarehe. Ukikamilisha dai ndani ya mwaka mmoja, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ile ya taarifa badala ya siku ulipomaliza karatasi. Kwa mgonjwa wa saratani ambaye faili lake bado linatafutwa St. Louis, miezi hiyo ni fedha nyingi.

Kisha jaza dai lenyewe, fomu 21-526EZ. Andika wazi: ugonjwa wangu ni huu, nilikuwa Camp Lejeune tarehe hizi, nadai kwa msingi wa maji yaliyochafuliwa. Usiandike "saratani" peke yake ukawaachia wakisie. Ambatisha DD214, ukurasa wa vituo, ripoti ya maabara na kumbukumbu za matibabu.

VA wanaweza kumwita apimwe na daktari wao. Asikose. Kutofika bila sababu ni njia ya haraka ya kukataliwa, na wazee wengi hukosa kwa kuwa barua ilikwenda anwani ya zamani au hawakuwa na wa kuwapeleka. Ukiwa mhudumu wake, hilo ni la kwako.

Saratani ikiwa bado hai, au matibabu yanaendelea, kwa kawaida hupewa asilimia 100. Kwa viwango vya 2025, mtu asiye na wategemezi alipata zaidi ya dola 3,800 kwa mwezi, bila kukatwa kodi. Matibabu yakimalizika, baada ya miezi 6 hupimwa upya, na hapo asilimia inaweza kushuka sana. Wengi wanashtuka kwa sababu hawakujua kwamba madhara yanayobaki nayo hudaiwa. Aliyetolewa kibofu na sasa anatumia mfuko wa mkojo, aliyeachiwa ganzi ya miguu na dawa za kemo, aliyeingia kwenye huzuni nzito: kila kimoja ni dai lake. Orodhesheni mapema mkiwa bado na kumbukumbu.

Aliyekataliwa kabla ya Machi 2017 arudi. Sheria imebadilika tangu hapo, na anaweza kufungua dai la nyongeza kwa fomu 20-0995. Aliyekataliwa juzi ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua kuchagua: dai la nyongeza kama ana ushahidi mpya, kupitiwa upya na afisa wa ngazi ya juu kama ushahidi ulikuwepo ila haukusomwa vizuri, au rufaa kwenye Bodi ya rufaa ya VA. Soma ile sehemu ya barua inayoeleza sababu. Kama tatizo ni "hakuna ushahidi wa siku 30," rudi hatua ya 1. Kubishana juu ya ugonjwa hakutakusaidia.

Hatua ya 4: Kwa mke, mume na watoto

Wanafamilia hawapati malipo ya ulemavu. Wanachopata ni kurejeshewa gharama za matibabu kwa yale magonjwa 15. Maombi ni fomu 10-10068, pamoja na fomu ya daktari anayetibu, 10-10068b. Utaambatisha uthibitisho wa uhusiano na askari (cheti cha ndoa au cha kuzaliwa), uthibitisho wa kukaa kambini siku 30, na uthibitisho wa ugonjwa.

VA hulipa mwisho. Bima yako, au Medicare na Medicaid, zile bima za afya za serikali, hulipa kwanza, kisha VA inachukua kile kilichobaki juu yako. Kwa mtu aliyechangia maelfu ya dola kwa mionzi na dawa, kilichobaki ndicho kinachomfilisi. Wanaweza kurejesha gharama za hadi miaka 2 kabla ya tarehe ya maombi, kwa hiyo usitupe risiti wala zile taarifa za bima zinazokuja kila mwezi zikieleza nani kalipa nini.

Raia walioajiriwa kambini, wapishi, mafundi, makarani, hawamo katika VA. Kwao kuna mfumo wa fidia ya wafanyakazi wa serikali kuu chini ya Wizara ya Kazi.

Hatua ya 5: Mjane, warithi, na walio nyumbani Afrika Mashariki

Askari akifa kwa mojawapo ya yale magonjwa 8, mjane wake anaweza kulipwa kila mwezi, hata kama marehemu hakuwahi kufungua dai lolote maishani. Fomu ni 21P-534EZ. Kiwango cha msingi mwaka 2025 kilikuwa zaidi ya dola 1,600 kwa mwezi. Akiomba ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, huhesabiwa tangu mwezi wa kifo. Akichelewa, huhesabiwa tangu alipoomba. Hapotezi haki, anapoteza miezi.

Angalieni cheti cha kifo. Mara nyingi daktari wa zamu huandika "moyo kusimama" au "nimonia" na kuacha saratani iliyomlaza mtu miaka miwili. Ongeeni na daktari aliyemtibu kabla cheti hakijatolewa, na kama kimeshatoka, ombeni kirekebishwe au pateni barua yake inayoeleza kilichosababisha kifo.

Kuna wajane waliorudi Mombasa, Kisumu, Arusha au Bukoba baada ya msiba. Kuishi nje ya Marekani hakumnyimi mjane malipo haya. Kinachowasumbua ni ndoa. VA hutambua ndoa iliyokuwa halali kwa sheria ya mahali wanandoa walipokuwa wakiishi walipooana, kwa hiyo cheti cha kadhi au ndoa ya kimila iliyosajiliwa ina nafasi yake. Kama cheti ni cha Kiswahili, peleka na tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi. Kama marehemu alikuwa na ndoa nyingine kabla, tafuta hati ya talaka mapema. Hilo ndilo swali la kwanza watakalouliza.

Hatua ya 6: Kwa waliokwisha kuwasilisha dai kwa Jeshi la Majini

Kwa miaka mingi mahakama ziliwafungia watu wa Lejeune. North Carolina ilikuwa na ukomo wa miaka 10 tangu kosa la mwisho la mchafuzi, hata kama mtu hajajua kwamba ameumizwa. Kesi zilitupwa mwaka 2016, na mwaka 2019 Jeshi la Majini likakataa madai zaidi ya 4,000. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Camp Lejeune, ndani ya Sheria ya PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Ilitoa miaka 2 ya kuwasilisha madai kwa Jeshi la Majini. Madai zaidi ya 400,000 yaliwasilishwa kabla ya dirisha kufungwa Agosti 2024.

Kama dai lako limo ndani, fanya haya. Hakikisha una namba ya dai na kwamba nyaraka zako zimeingizwa kwenye mfumo wa Jeshi la Majini; watu wengi waliwakilishwa na ofisi za mawakili waliotuma fomu tupu bila ushahidi, na madai hayo yamekaa tu. Mpigie wakili wako umuulize: umepeleka ushahidi gani? Ana wajibu wa kukujibu.

Kisha tazama kama unastahili njia ya mkato iliyotangazwa Septemba 2023, ambapo serikali hulipa kiasi kilichopangwa bila mabishano. Kundi la kwanza ni saratani ya figo, ini, kibofu, lukemia na limfoma isiyo ya Hodgkin: dola 150,000 kwa aliyekaa chini ya mwaka mmoja, 300,000 kwa mwaka 1 hadi 5, na 450,000 kwa zaidi ya miaka 5. Kundi la pili ni maieloma, Parkinson, figo kufikia hatua ya mwisho na skleroderma: dola 100,000, 250,000 au 400,000. Kama ugonjwa uliua, huongezwa dola 100,000. Masharti: ugonjwa uwe uligunduliwa au kutibiwa kabla ya tarehe 10 Agosti 2022, miaka isiyopungua 2 tangu kuanza kuyatumia maji na isiyozidi 35 tangu kuyaacha. Ukipewa ofa una siku 60 za kukubali.

Ukubali? Maoni yangu: mtu mwenye miaka 78, mgonjwa, mwenye ushahidi kamili, asikimbilie kudharau fedha iliyo mezani. Kesi za Mahakama ya Wilaya ya Mashariki ya North Carolina, ambayo peke yake ndiyo inayosikiliza mashauri haya, zinakwenda taratibu, na Februari 2024 majaji waliamua kwamba hakutakuwa na baraza la wazee wa mahakama, yaani jaji mwenyewe ndiye atakayeamua. Lakini aliyeugua akiwa kijana, akapoteza kazi na uwezo wa kuzaa, hasara yake inaweza kuzidi mbali viwango vile. Huyo akae na wakili wapige hesabu.

Tarehe mbili za kukariri: Jeshi la Majini lisipoamua ndani ya miezi 6, unaruhusiwa kwenda mahakamani. Likikataa, una siku 180 tangu siku ya kukataliwa kufungua kesi. Zikipita, haki imezikwa.

Aliyefariki baada ya kuwasilisha dai anahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hawi msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa. Familia zinagombana hapa wakati saa inakimbia. Kaeni kikao mapema, mteue mmoja, mwende mahakama ya mirathi. Na jueni kwamba fidia ya mahakama hupunguzwa kwa kile ambacho VA, Medicare au Medicaid walishatoa kwa ugonjwa huo huo. Malipo ya VA ya kila mwezi hayasimamishwi kwa sababu umedai.

Hatua ya 7: Usimlipe mtu asiyestahili

Hakuna anayeruhusiwa kukutoza fedha kukuandalia dai la kwanza VA. Maafisa wa vyama kama Disabled American Veterans, American Legion na Veterans of Foreign Wars hufanya kazi hiyo bure, na kaunti nyingi zina ofisa wa wanajeshi wastaafu anayelipwa na serikali. Tafuta jina lake kwenye orodha ya VA ya waliothibitishwa kabla ya kumpa karatasi. Wakili aliyethibitishwa anaweza kutoza tu baada ya VA kutoa uamuzi wa kwanza. Kwa madai ya Jeshi la Majini, Wizara ya Sheria imesema ada isizidi asilimia 20 yakimalizwa kabla ya kesi na asilimia 25 kesi ikifunguliwa. Mkataba wako ukisema 40, muulize wakili.

Wanaopiga simu jioni wakitaja Camp Lejeune na kuomba namba ya Social Security au ya Medicare, kata simu. Anayekuahidi leo kukufungulia dai jipya chini ya sheria ya 2022 anakudanganya, isipokuwa Bunge liwe limeibadili. Wafundisheni hilo wazee mnaowahudumia, maana wao hupokea kila simu na kuwajibu watu kwa upole.

Kama kambi yako ni nyingine

Sheria ya Lejeune ni ya Lejeune tu. Lakini Wizara ya Ulinzi inachunguza maeneo zaidi ya 700 kwa kemikali za PFAS zilizotoka kwenye povu la kuzimia moto wa mafuta, lililotumika katika viwanja vya ndege vya jeshi tangu miaka ya 1970. Moja ya kemikali hizo, PFOA, iliwekwa mwaka 2023 katika kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Waliougua, hasa saratani ya figo na ya korodani, wameshtaki watengenezaji wa povu, na kesi zimekusanywa katika mahakama ya shirikisho ya Charleston, South Carolina. Hapo anayeshtakiwa ni kampuni, hivyo hata askari anaweza kushtaki. Ukomo wa muda hutegemea jimbo, na mara nyingi huanza kuhesabiwa ulipojua, au ulipopaswa kujua, chanzo cha ugonjwa. Usingoje.

Kwa kambi hizo nyingine, askari mwenyewe hawezi kuishtaki serikali kwa madhara ya utumishi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga hilo mwaka 1950 katika shauri la Feres. Njia yake ni VA, kwa ushahidi wa daktari. Familia na raia wanaweza kudai kwa fomu SF-95 ndani ya miaka 2. Hilo ndilo lililofanywa na familia za Pearl Harbor, Hawaii, baada ya mafuta ya Red Hill kuingia kwenye maji Novemba 2021, na mwaka 2025 jaji aliwapa walalamikaji 17 wa kwanza jumla ya zaidi ya dola 680,000. Kwenye fomu hiyo lazima uandike kiasi kamili unachodai, kwa tarakimu. Fomu isiyo na kiasi haihesabiwi kuwa dai, na miaka 2 inaendelea kukatika.